Nilipiga Picha Shanga za Kiuno cha Mwenzangu

Nimekosa, na sitaki mtu anifariji kwamba ni shetani. Ni mimi.

Naishi Chanika, Handeni mjini. Natunga shanga, heleni na bangili, nauza kwa picha kwenye kundi la simu la wateja wangu, wanawake tu. Picha zangu zinasifiwa. Asubuhi naweka mzigo karibu na dirisha, juu ya shuka jeupe, nashika kioo upande wa pili kirudishe mwanga, kisha naisogeza simu mpaka tundu la ushanga linaonekana. Sifa hizo ndizo zilizonivimbisha kichwa.

Rafiki yangu, nimuite Zuhura, aliniletea shanga zake za kiunoni, uzi ulikuwa umekatika. Bibi yake wa Kwamsisi ndiye aliyemvalisha siku anaolewa. Katikati kulikuwa na ushanga mmoja mkubwa wa kahawia, umemeguka pembeni. Wanawake wa huku tunajua, shanga za kiuno anaziona mume tu. Zuhura akaniambia, "Nitungie, shoga yangu, ila asizione mtu."

Nikaitikia. Nilipomaliza, jua la dirishani likazipiga, zikang'aa mpaka nikapagawa. Nikapiga picha. Nikairusha kundini bila jina, nikijidanganya kwamba Zuhura hayumo, na shanga hazina sura ya mtu.

Mteja mmoja akamtumia mumewe, mumewe akawarushia wenzake wa kijiwe cha bodaboda. Kijiwe hicho hicho ndicho cha mume wa Zuhura. Picha ilikuwa safi mno, ule mmeguko akautambua mara moja. Akalitazama na shuka, akaona si la kwake.

Mchana Zuhura akanipigia simu. "Shoga yangu, kuna picha ya shanga zangu inazunguka. Ni wewe umeipiga, si ndiyo?"

Nikawaza wateja wote wanaoniamini na vitu vyao vya ndani. Nikasema, "Picha gani? Mimi shanga zako sijazipiga picha."

Hapo nikasikia sauti ya mwanaume. "Umemsikia mwenzako? Haya, niambie ulizivulia kitandani kwa nani."

Kumbe simu ilikuwa kwenye spika. Ikakatwa.

Jamani, ningempigia simu tena pale pale! Badala yake nikaifuta picha, kundini na kwenye simu.

Kesho yake nafsi ikanisuta, nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta mume peke yake. "Shemeji, ni mimi niliyepiga."

Hata hakukasirika. "Jana ulisema hujapiga. Leo mmeshapanga. Haya, nionyeshe kwenye simu yako."

Sikuwa na cha kumwonyesha.

Zuhura yuko kwao, Makuyuni, Korogwe. Nilimfuata. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Nikamwomba Zuhura msamaha huku nalia. Yeye hakulia. Akasema, "Picha ningekusamehe. Nilikupigia mbele yake kwa sababu nilijua utasema kweli."

Nyie mnaouza kwa picha, kitu mlichoaminiwa msikipige bila ruhusa ya mwenyewe, hata kiwe kizuri namna gani. Na mkishakosea, semeni papo hapo mnapoulizwa. Mimi nilisema kesho yake, wakati Zuhura alikuwa ameshapewa talaka.