Kuku Aliyejitenga Pembeni

Habari zilinikuta bandani, sahani ya pumba mkononi: mama wa mtaa wa nyuma, hapa Kapata kwenye migodi ya shaba ya Lualaba, ametutoka. Aliyezileta ni binti yake. Alisema maumivu ya tumbo yalikuwa ya miezi mingi na mama hakumwambia mtu, hata yeye. Nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu, jambo lisilofaa msibani, kisha nikajikasirikia mimi zaidi. Wasomaji wangu mnaonijua kwa siasa na barabara mbovu mtaniwia radhi, leo nitazungumza habari za kuku.

Miaka michache iliyopita kuku wetu walianza kutaga mayai ya ganda laini, yanayobonyea ukiyagusa. Mke wangu alikuwa na jike jekundu, zawadi ya mwisho aliyopewa na marehemu mama yake, na hilo ndilo lililotutia hofu. Mimi, mjuaji, nilisikia kwamba dawa ya ganda laini ni chokaa. Katika mji huu mtu akitaka chokaa hafikirii duka, anafikiria kiwanda. Binamu yangu anayefanya kazi kwenye shaba akanijazia kopo la ile wanayotilia madini. Asubuhi nilipoanza kuichanganya na pumba, jike lilikuwa limesimama peke yake pembeni, mkia chini, likijikaza na yai halitoki. Nikaliacha kopo, nikalikamata jike, nikaanza kulikamua tumbo.

“Tata, achia!” Yule mama wa mtaa wa nyuma alikuwa ameniona uani, akaingia bila kubisha. “Yayi ikipasukia mu tumbo, kuku anakufa. Na hii bunga ya mweupe ni nini?” Nikamwambia ni chokaa ya kiwandani. “Chokaa ya mu izine? Itabachoma mu koo! Unataka kubaua bote?”

Aliniamuru nikaifukie mbali, akaomba beseni la maji ya uvuguvugu, akalizamisha jike hadi tumboni na kulishika kwa mikono miwili. Mke wangu alisimama mlangoni. Kuku akafumba macho. Nilifungua kinywa kusema tulichinje kabla halijafa, mama akanitupia jicho, nikanywea. Alilipaka mafuta nyuma, akaliweka katika katoni lenye matambara, akalifunika na kuketi kando yake. Tulingoja hadi jua likawa kali, na kila katoni lilipotikisika niliinama kutazama. Hatimaye yai likatoka, limebonyea, lina damu. Mke wangu akalia kwa sauti.

“Saga maganda ya mayayi, ubapatie. Inatosha,” alisema mama akinawa mikono. “Na usikie, tata. Kuku anafichaka ugonjwa. Akijionyesha, benzake batamudonoa. Angaria ule anajitenga, ule anakataa kula na benzake. Usingoje aanguke.”

Nimeyafikiria sana maneno hayo wiki hii. Sisi watu wa Lualaba tuna macho makali kwa jiwe, rangi yake tu inatuambia lina nini ndani. Kwa jirani hatuna macho hayo. Katika nyumba hizi za kampuni ya migodi tulikulia tukijua kwamba anayekiri kuugua atampisha mwingine kazini, na ingawa kampuni ile imebaki jina, bado ukituuliza hali tunajibu “tuko” na kukaza meno. Mwezi uliopita, kwenye harusi, nilimwona mama yule ameketi benchi la mwisho peke yake, mkono tumboni, sahani haijaguswa. Nikamwuliza hali. “Tuko, tata,” akajibu akicheka, nami nikaenda kuongeza nyama. Dalili zote alinifundisha yeye mwenyewe, na zote zilikuwa mbele yangu.

Basi nililojifunza, nimejifunza kwa kuchelewa: ukimwaga pumba, usiwatazame wanaokimbilia, mtafute asiyekuja. Asubuhi ile ya msiba, binti yake alimaliza habari zake, akawa bado amesimama kando ya banda. Nikamwuliza kama amekula.

“Tuko, tata,” akasema.

Nikaweka sahani chini, nikamshika mkono, nikamwingiza ndani.