Mabaki ya Kitenge Juu ya Abuku

Mimi ni mwizi, sawa, tuanzie hapo ili msipate taabu ya kunong'ona. Koboko nzima inasema hivyo na nilivyoaibika siku ile hata mbuzi waliniangalia vibaya, ila nisikilizeni mpaka mwisho halafu mniambie ni fundi gani wa cherehani ambaye hana mfuko wa mabaki chini ya meza yake. (Mnaona? Kimya.)

Kibanda changu kiko sokoni Koboko. Ukiniletea kitenge chako nakushonea gauni, unaondoka umependeza, lakini ukiuliza kama kimebaki kipande cha kufunga kichwani nakujibu, "Mama, kitambaa kiliisha." Ndivyo alivyojibu aliyenifundisha kazi, na ndivyo tunavyojibu wote.

Sasa Lemi. Lemi ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunagawana kalamu darasani, leo ni mwalimu wa fizikia huko Arua, na ana ugonjwa mmoja tu, roketi. Si fataki za Krismasi, nasema roketi, bomba refu kunizidi mimi, mabawa manne ya mbao nyepesi, na injini ya kweli aliyoipata kwa njia halali (ruhusa tulikuwa nayo, ina mihuri mpaka pembeni, msianze). Jumapili nyingi nilipanda gari kwenda kwake, yeye anapima, mimi napiga msasa na kupaka gundi, na mume wangu nyumbani amenuna. Ya kwanza tuliirushia Manibe, nje kidogo ya Arua, ikapanda vizuri, lakini parachuti tuliyoshona kwa nguo za miavuli mikuukuu ikachanika na roketi ikarudi kujichomeka kwenye mihogo ya watu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mkuu wa shule akamwambia Lemi ajaribu mara moja nyingine tu, ikianguka tena asahau roketi na kile chama cha roketi alichowaanzishia wanafunzi.

Lemi akanipigia simu, sauti imekwisha kabisa. "Poni, mimi sina kitambaa ya nguvu."

Na mimi, kwa kiburi cha fundi, nikasema, "Kitambaa iko. Iko mingi."

Nikamwaga mfuko. Vitenge, satini, bitana za gauni za harusi, sare za kwaya, nikavikata vipande virefu na kuviunga kwa mshono wa mara mbili, na sijawahi kushona kitu kwa moyo namna ile. Hapo ningenyamaza, mkasa usingekuwepo. Lakini mdomo wangu hauna kifungo, na tulikuwa tumeamua kurushia Abuku, shambani kwa mjomba wa Lemi, karibu kabisa na kwetu, basi nikawaalika wateja wangu. Wote! Nilitaka waone fundi wao anavyoweza.

Walikuja wamevaa vizuri, mkuu wa shule naye akaja na kiti chake. Lemi akahesabu, akabonyeza, na lile bomba likaondoka kwa mlio mkubwa hata mzee mmoja, askari mstaafu, akajikuta amelala kifudifudi kwenye vumbi na mke wake amemlalia juu. Roketi ikawa nukta, nukta ikapotea, nikashika mkono wa Lemi na ulikuwa umelowa jasho. Halafu juu kabisa, pu!

Ikafunguka. Jamani, ikafunguka, pana, imejaa upepo, hakuna mshono hata mmoja ulioachia, na watu wakapiga vigelegele na Lemi akalia mbele ya mkuu wake bila haya.

Parachuti nzuri haina haraka, hilo ndilo kosa lake. Ilishuka polepole na jua likipenya ndani yake, kila ua la kitenge linaonekana, na vigelegele vikaanza kukatika, mwanamke mmoja baada ya mwingine.

"Ile ya kijani si ya mimi?"

"Angalia, iko kwaya yetu!"

"Poni! Wewe nasema kitambaa nakwisha!"

Upepo ukaisogeza na wao wakakimbia chini yake, na Lemi, maskini, akadhani wanafurahi naye, akakimbia pia anapunga mikono. Ilipogusa ardhi kila mama alikuwa ameshika kipande chake, anavuta, na Lemi anapiga kelele, "Msivute! Msivute!" Nikapanda juu ya chuma cha kurushia (kilikuwa bado cha moto, nikashuka upesi) na nikawaambia wote, "Ndiyo, nilichukua! Lakini iko mutu hapa kitambaa yake napanda juu kuliko mulima Liru? Hii sifumui!"

Aliyecheka ni yule askari peke yake, akijikung'uta suruali.

Mama Zaitun hakupiga kelele. Ni mjane, jirani wa kibanda changu, anauza samaki wakavu. Alikuwa ameshika kipande cha bluu chenye majani ya njano, anakilainisha kwa kidole. "Hii mzee yangu nalileta toka Ariwara, ngambo ya mpaka, mbele ya kufa," akasema. "Mimi nalitaka ya kichwa tu."

Hapo niliona aibu, aibu yenyewe, si ile ya kuchekwa. Nikatoa mkasi. Lemi akafumba macho nilipoikata parachuti yake, nikakaa kwenye majani nikapinda kingo kwa mkono, kisha nikamfunga kichwani mwenyewe. Hakusema asante, akaenda zake.

Wengine niliwashonea bure mpaka vidole vikauma, lakini parachuti sikufumua. Leo wateja wanakaa kwenye benchi wakilinda mkasi wangu na wanaondoka na kila uzi, na neno "kiliisha" halitatoka tena mdomoni mwangu, naapa. Chama cha Lemi kipo. Na lile pengo la bluu nimeliziba kwa gauni langu la harusi, mume wangu hajanisemesha tangu siku hiyo.

Jana Mama Zaitun alisimama mlangoni kwangu, kile kitambaa cha bluu kichwani, mara ya kwanza kuja tangu siku ile.

"Ile kitu napanda tena?"

"Napanda, mama."

"Na sasa kipande ya wewe iko ndani?"

"Iko."

Akaniangalia. "Iko kubwa?"

"Iko kubwa kuliko zote."

Akavuta benchi, akakaa.