Nguzo Zilizozuiwa Nje ya Ngitili

Ninyi vijana mnaosoma haya, kaeni vizuri mnisikilize. Nawe mwanangu, kama unasomea kwenye simu, usihame.

Nakumbuka mwaka nilioolewa hapa Nkololo. Kaka zangu walitoka kwetu Nyashimo na mkokoteni wa ng'ombe umejaa nguzo za kujengea nyumba yangu. Mama mkwe akawasimamisha kando ya ngitili, ule msitu tunaoufunga masika ili ndama wapate majani kiangazi. Akabandua gome la nguzo moja. Ndani ukungu mweusi na unga wa wadudu.

"Hazipiti."

"Mayu, dada yetu alale wapi?" kaka mkubwa akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kwangu. Nimeshazoea anavyokoroma."

Walicheka. Mimi nilinuna, maana nilishachoka kukaa jikoni kwa mkwe.

Akanivuta mpaka kwenye mgunga mmoja mkubwa. "Huu ukiambukizwa na nguzo zenu ukakauka, nani anaumia?"

"Nyuki."

"Halafu?"

"Mbuzi. Wanakula maganda yake."

"Halafu?"

Akajijibu mwenyewe:

"Jua litachoma majani, mvua itabeba udongo, na mume wako atahama na ng'ombe kutafuta malisho. Hiyo nyumba utalala na nani?"

Basi tulikwangua magome pale pale barabarani, tukayachoma, nguzo tukazianika. Kaka zangu walimaliza michembe yetu yote, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, wakinitania kwamba nimeolewa na watu wanaovua miti nguo. Nyumba ilichelewa mpaka pamba ikavunwa, lakini nilihamia.

Mwanangu, sijui kama ule ukungu ungeua hata mti mmoja. Mama mkwe naye hakujua, ndiyo sababu aliuzuia. Siku hizi vijana wa misitu wanakuja kupiga picha majani, wanakadiria ugonjwa utafika wapi na utaharibu nini. Wanafanya vizuri, nami nawapikia uji. Ila wewe usiubebe ugonjwa kwa mkono wako ukingoja wao wakadirie. Anza na mti mmoja, ujiulize "halafu?" mpaka ufike mlangoni kwako. Mungu awape mvua, miti yenu iwe na nyuki na ndama wenu wanenepe.

Juzi mjukuu wangu kaja na pikipiki imejaa kuni za harusi kutoka Kimali. Nikawaambia wote hapa nyumbani: kuni za mbali zishushwe barabarani, magome yachomwe huko huko, na asiyetaka kukwangua atakula wali mbichi.