Mama Apanda Gari la Umma

Miaka ile ya foleni za sukari, kijiji chetu cha mlimani, huku juu Same, kilikuwa na mabepari wawili, na mmoja wao mimi. Ubepari wangu ulikuwa pikapu iliyochoka, haiwaki mpaka isukumwe. Jumapili moja akapanda afisa wa shirika la umma, mgawaji wa vibali vya petroli, akatusimamisha nje ya kanisa baada ya ibada.

"Wenye magari, acheni ubinafsi! Vibali vya petroli sasa mwisho. Pandeni usafiri wa umma!"

Makofi nilipiga kama wenzangu. Lakini usafiri gani? Basi halijapanda kwetu tangu masika! Na kesho yake daktari wa macho alikuwa Same mjini, siku hiyo moja tu. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho. Angemkosa, angesubiri mpaka mwakani, na mwakani angekuwa kipofu kabisa.

"Petroli sina, mama," nikamwambia.

"Na lile gari lililoegeshwa pale?"

"La bwana afisa. Limeandikwa SU."

"Ndiyo nini?"

"Shirika la Umma," nikajibu, mjinga mimi.

"Si ndilo alilosema tupande?"

Kabla sijafumba mdomo, alishapapasa na fimbo yake, akafungua mlango wa mbele, akaketi, kikapu mapajani. Afisa alipotoka kula kuku wetu, akamkuta. Malezi ni malezi, ikamponyoka: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Twende, tutachelewa."

"Mama, hili gari ni la kazi..."

"Kazi! Barabara hii nimebeba mawe yake kichwani, mbiu ya msaragambo ikilia kijiji kizima tunatoka kujenga bure. Umma ndio mimi. Washa."

Ukishamwamkia mtu, utamshushaje? Akawasha. Mimi nikajibana nyuma, juu ya magunia ya tangawizi ya bwana afisa, ambayo nadhani nayo yalikuwa kazini.

Mwezi uliofuata afisa akarudi. Safari hii neno umma hakulitia kinywani. "Wenye magari, pandeni basi!"

Mama akainuka, bandeji imeshatolewa, akaitazama barabara taratibu mpaka kona ya mwisho.

"Mwanangu," akamwambia, "jicho nimetibiwa, Mungu akubariki. Naona mpaka mashamba ya mpunga kule chini Ndungu. Hilo basi mbona silioni?"