Shangazi Alipotishia Kuvua Nguo

Juzi kwenye duka langu la mahindi hapa Busia, redio ilikuwa inaeleza habari za rais mmoja wa mbali aliyetishia tena kurusha bomu la nyuklia. Mchambuzi akasema huenda anajifanya kichaa tu ili wenzake walegeze kamba kwenye mazungumzo. Wateja wakaanza kubishana: kichaa, si kichaa. Mimi nikawaambia, hebu nipisheni huko, hayo nimeyaona kijijini kwetu Dabani kwa macho yangu.

Shangazi yangu alipofiwa na mume, shemeji zake walitaka kumnyang'anya shamba, na hakuwa na kingine cha kumlisha. Wiki nzima kabla hawajaja kupanda miche ya kuweka mpaka mpya, alizunguka sokoni amegeuza gauni nje ndani, akiongea na kuku. Mimi nilijua anajifanya. Tukiingia ndani aliniuliza bei ya mahindi kama kawaida, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ilipofika akasimama mbele yao, akashika fundo la kanga yake. "Pandeni mche mmoja tu, navua."

Kwetu hilo si jambo la mzaha. Mama mzima akivua nguo mbele ya ukoo, amelaani, na laana hiyo haichagui: inakula watoto wote wa ukoo, na wa kwake wamo. Mwenye akili timamu hathubutu. Lakini huyu anayeongea na kuku, nani atamjaribu? Wanaume wazima wakatimua mbio, miche wakaiacha chini. Jamani, nilifurahi!

Mchana tukakaa kula. Mwanawe mkubwa hakugusa ugali. Wakati mama yake anashika lile fundo, alikuwa amesimama pale na watoto wake wawili.

"Mama, ungevua kweli?"

Shangazi akamwongezea mboga. "Kula."

"Nakuuliza. Na hawa wanangu wakiwa pale?"

"Nikikujibu, baba zako wadogo watakunywesha pombe mpaka uwaambie, na shamba limekwenda."

"Mimi ni mtoto wako."

"Najua."

Akangoja. Mimi pia nilingoja, na kicheko chote kilikuwa kimenitoka, niliogopa. Shangazi akamega tonge lake, akala. Mwanawe akainuka, akawaita watoto, wakaondoka.

Shamba analo mpaka leo. Wajukuu hawajaletwa tena.