Niliandika Nyumba za Shemeji Kuwa Nyumba za Maskini

Kosa ni langu. Usinitafutie sababu, maana nimejitafutia mwenyewe na hakuna hata moja iliyosimama. Nilipewa kalamu ya ofisi nikaitumia kuwatoa wajane nyumbani kwao. Jina langu silitaji. Wanaonijua watanijua.

Nilikuja Nairobi kutoka Magharibi miaka ya sitini, na cheti cha shule na shati moja. Aliyenipokea ni fundi bomba wa kwetu. Nililala kwake katika mtaa wa Satellite mwaka mzima, nikala ugali wake, mwishowe nikamwoa dada yake. Akawa shemeji yangu, na tangu hapo sikujua namna ya kumwambia hapana.

Nikapata ukarani mjini, katika ofisi iliyosimamia kodi ya baraza, ile ambayo kila mwenye kiwanja hulipa ili barabara, mitaro na taa zipatikane. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya maskini, zikapangishwa kwa bei ya chini, zilisamehewa kodi hiyo. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuzitazama, kisha kuandika ndiyo au hapana. Mkuu wetu, mzee mpole asiye na maneno mengi, aliniambia siku ya kwanza kwamba msamaha si wa bure. Kila nyumba inayosamehewa, mzigo wake huhamia kichwani kwa jirani. Nikaitikia, lakini kusikia sikusikia.

Kufikia mwanzo wa miaka ya sabini shemeji alikuwa na vyumba vyake vya mabati hapo hapo Satellite. Jumapili moja baada ya kanisa aliniita nyuma ya nyumba, akaniuliza, "Wapangaji wangu ni vibarua. Si hao ndio maskini?"

Nikamwambia wao ni maskini kweli, lakini bei anayowatoza si ya maskini.

"Bei ni yangu," akasema. "Karatasi ni yako."

Nikaandika ndiyo.

Juma zima sikutulia. Mlango wa ofisi ukifunguliwa, nilikuwa nikigeuka kutazama ni nani. Lakini hakuna aliyeuliza kitu, na hapo ndipo nilipoharibika. Habari zikawafikia rafiki zake wenye vyumba, wakaja wawili, kisha mwingine. Wote nikawaandika. Pesa sikupokea, sitasema uongo. Nilichopokea ni kuitwa mkubwa. Kwa kinyozi pale Dagoretti Corner watu walinipisha kwenye foleni, nami nikaona nimefika. Ole wangu!

Baadaye waliokuwa wakilipa kodi wakaanza kunung'unika. Yao inapanda, na mitaro haichimbwi. Wakubwa wakaitazama orodha ya msamaha, wakaona imevimba. Badala ya kuichambua, wakaifuta yote. Kila mtu alipe, na anayejiona anastahili aombe upya na kusubiri.

Karibu na Dagoretti Corner kulikuwa na nyumba ambayo akina mama wa kanisa letu walijenga kwa ajili ya wajane. Kiongozi wao alikuwa Mama Nduku, Mkamba, mjane yeye mwenyewe, msusi wa viondo, vile vikapu vya mkonge. Nyumba yao niliikagua mimi. Ilikuwa ya kweli, na aliyekosa kodi ya chumba alingojewa mpaka apate. Basi mimi huyo huyo ndiye niliyetumwa kumpelekea barua ya kufutiwa msamaha.

Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena.

"Mwanangu, ni nani huyo aliyejiita maskini mpaka sisi tukaonekana waongo?"

Nikamwambia sijui, amri imetoka juu. Akanionea huruma. Akaniombea pale pale uani, Mungu anipe nguvu kwa kuwa kazi yangu ni ngumu.

Tangu siku hiyo kukaa kukanishinda. Saa ya chakula nilikuwa nikitoka ofisini na kuzunguka mjini, barabara moja hadi nyingine, bila kula. Kanisani nilihama benchi nisitazamane na akina mama wale. Mke wangu akaniuliza kama ni malaria. Na dawa nilikuwa nayo! Ningeyataja yale majina ya uongo tu, orodha ingechambuliwa na wajane wangerudishiwa haki yao. Niliogopa kufukuzwa. Nilimwogopa shemeji zaidi. Miezi ikapita.

Akina mama waliomba upya, jibu halikuja, wakapandisha kodi ya vyumba ili walipe baraza. Wajane wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, na vitanda vyao mkokotenini. Mwishowe nyumba ikauzwa.

Aliyeinunua ni shemeji. Nilijua siku aliyokuja ofisini amevaa tai, akaweka hati mezani kwangu. "Hii ilikuwa kwenye orodha ya msamaha tangu zamani," akasema. "Irudishe tu."

Niliinuka na zile hati mkononi nikaingia kwa mkuu, nikamweleza yote tangu mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja.

"Mbona hukuja kabla nyumba haijauzwa?"

Nikaziweka hati mezani kwake. Nilifukuzwa juma hilo hilo. Shemeji alilazimishwa kulipa yote aliyosamehewa, na hajaniita kwa jina tena. Mama mkwe alipofariki, mke wangu alikwenda mazishini peke yake. Mimi nilitumiwa ujumbe nisifike.

Nilimtafuta Mama Nduku hadi nikampata Uthiru, jikoni kwa binamu yake, alikokuwa akilala nyuma ya pazia. Nikamwambia ni mimi niliyewaandika wale maskini wa uongo. Mikono yake haikuacha kusuka.

"Pole yako nimeisikia," akasema. "Lakini pole haina mlango wala dirisha."

Hakunilaani. Hakuniombea pia. Niliondoka nikatembea hadi giza likaingia, na ukweli ni kwamba sijaacha kutembea. Siku hizi nauza mkaa, kazi ya kuzunguka, na hiyo inanifaa kwa sababu nikikaa tu, nawaona.

Basi wewe uliyepewa muhuri, ndugu yako akikuomba uandike uongo mdogo, usijiulize kama utakamatwa. Jiulize ni nani atakayehama. Yupo, na huenda unamjua. Mimi wangu nilimjua kwa jina, na barua nilimpelekea kwa mkono wangu.