Mkanda Uliopanda Usoni

Malengelenge yalimtoka Nangila Jumatatu, upande wa kushoto wa paji la uso, na kabla hajajitazama kwenye kioo alikuwa ameshayajua. Mkanda wa jeshi. Kwa siku kadhaa ngozi ile ilikuwa ikimchoma kama imemwagikiwa na mafuta ya chapati, na yeye akajidai ni kichwa tu.

Aliyajua kwa sababu mumewe, Joash, alianza hivyo hivyo, mbavuni, enzi zile mkanda ulipokuwa tangazo la kifo. Joash alizikwa binti yao, Mitchelle, akiwa bado ananyonya. Hata matanga hayajaisha, mashemeji wakamfukuza Nangila na kitoto chake, wakidai ndiye aliyeleta ukimwi nyumbani. Amepimwa mara nyingi tangu siku hizo, na kila mara hana virusi. Lakini nani alimuuliza majibu? Mtaani Bondeni watu hawasomi cheti, wanasoma ngozi.

Na Jumamosi hiyo Kiarie, mchumba wa Mitchelle, alikuwa aje na wazazi wake kutoka Njoro kuposa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nangila aliona wazi kabisa: wakwe watauona mkanda, watageuza gari, na binti yake atabaki akinyooshewa vidole mtaani kama yeye. Zahanati ilikuwa karibu, ila muuguzi wa pale waliimba naye kwaya, na siri ingefika kanisani. Basi akafunga kitambaa hadi kwenye nyusi, akameza dawa za maumivu, akanyamaza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga. Wahenga hao, nawaambia, hawakuwahi kuwa wajane Bondeni.

Kufikia Alhamisi kulikuwa na lengelenge kwenye ncha ya pua, na jicho la kushoto lilikuwa jekundu, likitiririka machozi na kuogopa mwanga. Mitchelle alipouliza, aliambiwa ni vitunguu. Mitchelle mwenyewe alikuwa na vidonda mdomoni wiki hiyo, na majirani walimcheka tu wakasema homa imetoka.

Jumamosi wageni walifika na kreti za soda na nyimbo. Nangila aliwasalimia ameinamisha kichwa, kisha akajificha jikoni. Mama Kiarie, Wariara, akamfuata kusaidia chai.

"Mama Mitchelle, hicho kitambaa kinakubana. Hebu nione."

Nangila alirudi nyuma hadi akagonga ukuta. Wariara akakiinua kitambaa taratibu. Nangila akafumba macho, akingoja mayowe.

"Ngai! Si hii ni mkanda wa jeshi? Hata mimi ilinishika mwaka jana, kwa mgongo. Hiyo kitu inachoma, wacha tu!"

"Kwani hamtaenda?"

"Twende wapi na hata chai haijaiva?" Wariara alicheka. Kisha akalitazama jicho, na kicheko kikamkauka. "Kiarie! Washa gari. Saa hii!"

Daktari wa macho mjini alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomuumiza Nangila. Alimweleza kwamba hivyo ni virusi vya tetekuwanga aliyougua utotoni. Hulala ndani ya mishipa ya fahamu miaka mingi, kisha huamka mtu akizeeka, akichoka au kinga ikishuka. Ndiyo maana zamani wenye ukimwi walishikwa sana, lakini mkanda humshika yeyote. Vidonda vya mdomo husababishwa na virusi vya ukoo huo huo, na hata vile vya sehemu za siri ambavyo hakuna anayevitaja.

"Ukishaona kipele kwa pua, mama, jicho liko hatarini. Dawa iko. Ungekuja tu zile siku tatu za kwanza."

Alipewa dawa, malengelenge yakakauka. Kioo cha jicho la kushoto kilibaki na kovu jeupe lililoziba nuru, na maumivu ya paji hayakuondoka; hata upepo ulimchoma. Posa ilipita bila neno, harusi ikapangwa. Nangila alipaswa kufurahi, na alijaribu.

Jioni moja Mitchelle alikaa kando ya mama yake, akashindwa kujizuia.

"Mum, hata mimi ulinificha?"

"Niliogopa watakukataa, mwanangu."

"Wangenikataa, nami ningewakataa! Mimi nilitaka unione nikiolewa. Unione na macho yako yote."

Nangila aligeuza kichwa, akalielekeza jicho zima, ndipo akaweza kumwona mtoto wake akilia.